Kiingereza cha Biashara: Neno "always" Lilivyonila Laki Tatu

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea Kiingereza, tena kipande kidogo tu cha Kiingereza: yale maneno yanayosema jambo hutokea mara ngapi. "Always", "usually", "often", "sometimes", "rarely", "never". Najua kuna mtu ameshasema hayo ni ya darasani, mimi nauza viatu. Ngoja kwanza nikusimulie.

Mimi nauza vikapu vya Iringa, nipo Dar. Wateja wangu wengi tunaandikiana Kiswahili, hatuna shida. Ila wapo wanaoniandikia Kiingereza: wageni wanaoishi hapa, wenye nyumba za watalii Arusha na Zanzibar, na Watanzania waliokulia nje. Hao ndio wanaochukua kwa wingi. Mtu mmoja anabeba vikapu kumi kwa mpigo, halafu habishani bei. Kwa ajili yao niliandika kwenye profaili: "We always deliver the next day." Nilikuwa nimeiona kwenye ukurasa wa mtu mwingine, nikaona imekaa vizuri, nikaichukua ilivyo.

Alhamisi moja asubuhi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Arusha akaagiza vikapu 12. Kimoja 25,000, jumla laki tatu, akalipa yote palepale. Aliniambia ana kundi la wageni linafika Jumamosi asubuhi, anataka kila kitanda kiwe na kikapu chenye taulo ndani. Nikasema hakuna shida. Jioni ile nikapeleka mzigo stendi ya Mbezi, basi linaondoka alfajiri, Ijumaa jioni mzigo uko Arusha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, au ndivyo nilivyodhani.

Basi likaharibika njiani. Mizigo ikahamishiwa basi jingine, na vikapu vyangu vikafika Jumamosi usiku. Wageni walishaona vitanda vitupu.

Nikamwandikia pole ndefu nikimweleza habari za basi. Hakunitukana. Alinirudishia skrinshoti ya profaili yangu mwenyewe, neno "always" amelizungushia duara jekundu, na chini yake maneno matatu: "You said always."

Nikajitetea kwamba basi si langu. Akajibu kwa upole kabisa kwamba hilo analielewa, ila kama angejua kuna uwezekano wa kuchelewa, angeagiza Jumatatu. Hapo nikaishiwa maneno, maana ni kweli. Nilimrudishia laki tatu yote. Vikapu vilirudi Dar kwa nauli yangu, viwili vimebonyea. Yule mama hajaagiza tena mpaka leo.

Sasa angalia vizuri. Ile sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Mwalimu angeipiga tiki. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli, na mimi sikujua kuwa nimetoa ahadi. Nilidhani "always" ni pambo, kama tunavyosema "karibuni siku zote". Mteja anayesoma Kiingereza chake vizuri hasomi hivyo. Yeye anasoma kipimo.

Wiki ile ile nilifungua daftari langu la oda nikahesabu mizigo 20 ya mwisho niliyotuma Arusha. Kumi na saba ilifika siku iliyofuata. Mitatu ilichelewa, na wateja wawili kati ya hao watatu walikuwa wamenisamehe kimyakimya, hata sikukumbuka. Kwa hiyo "always" yangu ilikuwa 17 kati ya 20. Hiyo si "always". Hiyo ni "usually".

Tangu hapo natumia hesabu ya oda 20 kuchagua neno. Si kanuni ya kitabuni, ni kipimo changu tu, lakini kinanisaidia. Kama ni 20 kati ya 20, na sioni kitu cha kuniharibia, ni "always". Ikiwa ni 16 mpaka 19, ni "usually". Ikizidi nusu kiasi, tuseme 12 au 13, ni "often". Ikiwa ni kama sita, saba, ni "sometimes". Moja au mbili, ni "rarely". Ikiwa haijatokea na haitatokea, ni "never". Vitabu vya Kiingereza navyo huwa na ngazi kama hii yenye asilimia, "always" juu kwenye mia, "never" chini kwenye sifuri, na za katikati kila kitabu kinaweka zake. Usihangaike na asilimia. Shika mpangilio: "usually" ni nyingi kuliko "often", "often" ni nyingi kuliko "sometimes", na "rarely" ni chache sana.

Kuna kitu kingine nilikigundua nilipokuwa nabadilisha profaili. Yale mambo yaliyo mikononi mwangu mwenyewe ndiyo yanayostahili "always" na "never". Kufunga mzigo, kupiga picha kabla haujaondoka, kujibu meseji, yote hayo nafanya mimi. Kwa hiyo naweza kuandika bila hofu: "We always send you a photo of your parcel before it leaves." Naweza pia kuandika: "We never ask for your PIN." Lakini jambo likishapita kwenye mkono wa dereva, bodaboda, boti, mvua au mtandao wa simu, nashuka ngazi moja. "Parcels to Arusha usually arrive the next day. Sometimes they take two days."

Utaniuliza, je, mteja hakimbii akiona "usually"? Mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Kilichotokea kwangu ni kwamba watu wenye haraka walianza kuagiza siku mbili kabla, na wale wasio na haraka hawakujali. Meseji za "where is my parcel" nazo zikapungua.

Haya, tuingie kwenye mahali pa kuliweka neno, maana hapa ndipo wengi tunapoanguka.

Kiswahili chetu ni huru. Unaweza kusema "mara nyingi tunatuma Ijumaa", au "tunatuma Ijumaa mara nyingi", au "tunatuma mara nyingi Ijumaa", mtu atakuelewa na hatashangaa. Kiingereza kina viti maalumu. Neno la mara ngapi linakaa mbele ya kitenzi. "We always pack in boxes." "We usually deliver in the afternoon." "Our customers often ask about the handles." Ukiandika "We deliver usually in the afternoon" utaeleweka, lakini msomaji atasikia kitu kimegonga. Na "Always we pack in boxes" inasikika kama tafsiri ya "siku zote tunafunga", na kweli ndivyo ilivyo.

Kitenzi kikiwa "am", "is" au "are", mambo yanageuka: neno linakaa nyuma yake. "Our baskets are always handmade." "The small size is usually in stock." "I am often at the shop on Sunday." Hapa ndipo utakuta mabango yameandikwa "Our bags always are original". Geuza: "Our bags are always original." Ila kabla hujaandika hiyo, rudi kwenye daftari lako kwanza. Sisemi zaidi.

Ukiwa na vitenzi viwili, kimoja kinasaidia kingine, neno linaingia katikati yao. "You can always send us a picture of the colour you want." "We have never sold plastic baskets." "We will always tell you if something is finished." Hiyo "You can always..." ni nzuri sana kwa biashara, inamfungulia mteja mlango bila kumlazimisha.

Mbele kabisa ya sentensi wanaruhusiwa baadhi tu. "Sometimes" anakaa popote anapotaka: mbele, katikati, hata mwisho. "Usually" naye anakubalika mbele. Sentensi yangu moja ninayoipenda ni hii: "Sometimes the colour is a little darker than in the photo." Niliiweka chini ya kila picha, na imenipunguzia ugomvi wa rangi kuliko taa zote nilizonunua kwa ajili ya kupigia picha. "Always" na "never" usiwaanzishie sentensi ya kawaida. Ila ukiwa unatoa maelekezo, hapo ndipo mahali pao hasa: "Always check the size before you order." "Never send money to a different number." Kama umewahi kuigiwa akaunti na matapeli, hiyo sentensi ya mwisho ibandike juu kabisa ya ukurasa wako.

Kuna haya mengine marefu: "every Friday", "twice a week", "once a month". Hayo yanakaa mwisho, au mbele kabisa, si katikati. "We get new stock every Friday." Usiandike "We every Friday get new stock". Na kwa maoni yangu, kama unaijua siku, taja siku, achana na "often". "We often get new stock" haimsaidii mteja chochote, lakini "We get new stock every Friday" inamfanya afungue ukurasa wako Ijumaa. Kwa wiki mbili mbili andika "every two weeks". Usiandike "biweekly", maana hata wenye lugha yao wanagombana, wengine wanaielewa mara mbili kwa wiki, wengine mara moja kila wiki mbili.

Na hili la "everyday", jamani. Duka langu la jirani lina bango zuri la rangi, limeandikwa "Open everyday". Ukimaanisha kila siku, ni maneno mawili: "Open every day." Likiandikwa pamoja linakuwa neno la kuelezea kitu cha kawaida, cha kuvaa au kutumia siku za kazi: "everyday shoes" ni viatu vya kushindia, si vya harusini. Muuza viatu unaweza kuyatumia yote mawili kwenye posti moja: "Everyday shoes, available every day." Hapo umepatia.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona kila wiki, na mimi mwenyewe nilikuwa nalo miaka: "use to".

Sisi tuna "hu-" na "huwa". Huwa tunatuma Mombasa. Hutuma kila Jumanne. Ni kitu kizuri sana kwenye lugha yetu, kinasema jambo ni mazoea yetu. Ukitaka kukipeleka kwenye Kiingereza, kichwa kinatafuta neno la kufanana, kinakuta "use to". Dada mmoja ninayefahamiana naye, anauza madera, aliulizwa na mteja wa Nairobi kama anatuma mpaka huko. Akajibu: "Yes, we used to send to Nairobi every week." Mteja akauliza: "Oh, why did you stop?" Dada akashangaa, akanitumia mimi skrinshoti, akaniuliza huyu mtu ana nini.

Mteja hana kitu. "We used to send" maana yake ni zamani tulikuwa tunatuma, sasa tumeacha. Dada alikuwa anasema huwa tunatuma, mteja akasoma tuliacha kutuma. Alichotakiwa kuandika ni "We usually send to Nairobi every week", au kifupi kabisa, "We send to Nairobi every week". Watu hawajui kwamba kile kitenzi cha Kiingereza kilichokaa peke yake, "we send", "we open", "we deliver", tayari kina "hu-" ndani yake. Hakihitaji kuongezewa kitu. "We open at 8" ni huwa tunafungua saa mbili. Na angalia hapo kwenye saa, saa mbili yetu ni 8 yao. Nimeshaona mtu kaandika "We open at 2" na mgeni akaja saa nane mchana.

Sijasema "used to" ina ubaya. Ina kazi yake, tena nzuri. Ukibadilisha biashara, itumie: "We used to sell sandals, but now we only sell baskets." Mteja wa zamani akija kutafuta kandambili anaelewa mara moja. Kuna na nyingine inayofanana nayo, "I am used to", yaani nimezoea. Nadhani huko ndiko mkanganyiko unakotoka, mazoea na zamani vyote vimeshikana na neno moja. Ukikwama, andika "usually" tu, haitakuangusha.

Jingine ambalo linaumiza watu bila wao kujua ni "always" ikifuatana na kitenzi chenye "-ing". "We always reply" ni ahadi njema. Lakini "You are always changing the address" ni lawama. Kwa Kiswahili ni kama kumwambia mtu "kila saa wewe unabadilisha anuani". Inaweza kuwa kweli, na huenda umechoka naye, lakini mteja atakayesoma vile atasikia umemkaripia. Nilimwandikia mtu mmoja "You are always asking for discount", mimi nilidhani natania, tena nikaweka na kikaragosi cha kucheka. Hakujibu tena. Siku hizi nikitaka kusema hivyo kwa ustaarabu naandika: "I know you usually ask for a discount, so this is already my best price." Inacheka bila kuchoma.

Upande wa kukataa, tatizo linatoka kwenye "kamwe". Sisi tunasema "hatuuzi kamwe bidhaa feki", kitenzi kinakataa na "kamwe" inakaza. Kwa hiyo mtu anaandika "We don't never sell fake". Kwa Kiingereza cha biashara, "never" peke yake imeshakataa. Ukiongeza "don't", umekataa mara mbili, sentensi imevunjika. "We never sell fake products." Inatosha.

Halafu kuna tofauti hii ya "not always", ambayo ukiikosea unajifungia biashara. Tuseme viatu namba 44 kuna wakati unavyo, kuna wakati huna. Ukiandika "We never have size 44", mtu wa mguu mkubwa anaondoka na harudi. Ukiandika "We don't always have size 44", anajua leo hakuna, lakini aulize tena. "Always" hapa inakaa baada ya "don't". "Sometimes" inafanya kinyume, inakaa kabla: "We sometimes don't have black." Usiandike "We don't sometimes have". Sina maelezo marefu ya kwa nini, ndivyo wanavyosema, kariri hizo mbili kama zilivyo.

Kidogo kuhusu "hardly", maana hii niliiona kwenye bango la fundi cherehani nikacheka mpaka nikamwonea huruma. Aliandika: "We work hardly for you." Alitaka kusema tunafanya kazi kwa bidii. Hiyo ni "We work hard for you", bila "-ly". "Hardly" ni ndugu yake "rarely", maana yake karibu si chochote. "We hardly work" ni sisi kufanya kazi kwetu ni kwa nadra. Yaani alilipia bango limtangaze kwamba ni mvivu.

Wateja nao wana maswali yao ya mara ngapi, na inabidi uyatambue haraka. "How often do you get new stock?" Hapa anataka namba au siku, usimjibu "often". Mwambie: "Every two weeks, usually on Friday." Swali jingine ni lenye "ever": "Do you ever send to Zanzibar?" Hii "ever" wengi tumefundishwa ni milele, lakini kwenye swali haina maana hiyo kabisa. Anauliza, je, huwa mnatuma Zanzibar, hata mara mojamoja? Kama unatuma, jibu: "Yes, we do. We send by ferry twice a week." Kama hujawahi, usimpige "Never" kavu, ni kama kumfungia mlango usoni. Sema ukweli na uache nafasi: "We have never sent to Zanzibar, but we can try." Mimi mteja wangu wa kwanza wa Zanzibar nilimpata kwa sentensi hiyo hiyo. Akanielekeza yeye mwenyewe mtu wa kupokea mzigo bandarini.

Na ukisoma maoni ya wateja kwenye ukurasa wako, angalia hayo hayo maneno. "They always reply" ni sifa. "They usually reply" bado ni sifa. "They sometimes reply" ni malalamiko, hata kama ameweka nyota nne. Neno "sometimes" likitoka kwako kuhusu rangi ya kikapu, ni tahadhari ya kiungwana. Likitoka kwa mteja kuhusu wewe, kimbia ukaangalie inboksi.

Hii ndiyo profaili yangu ilivyo sasa, baada ya kuondoa ile sentensi ya laki tatu. Iga mpangilio ukipenda, lakini namba weka za daftari lako, usiweke zangu:

"Handmade baskets from Iringa. We always send a photo before we ship. In Dar es Salaam, we usually deliver the same day if you order before noon. Parcels to other regions usually arrive the next day, but sometimes they take two or three days, so please order early for events. New baskets every two weeks. We never ask for your PIN."

Pale kwa Dar nilitaka kuweka "always", maana mizigo yangu 20 ya mwisho ya bodaboda yote ilifika siku ileile. Mdogo wangu anayenisaidia kufunga mizigo akaniuliza, hiyo 20 uliihesabu mwezi gani? Niliihesabu Julai, kipupwe. Nikakumbuka masika Jangwani inavyokuwa, nikaiacha "usually".

Mazoezi ya leo ni manne. Sahihisha halafu uandike hapa chini, usiogope kukosea, wote tunajifunza.

La kwanza: "We deliver always on Monday." La pili: "Our prices usually are low." La tatu, na maana ni huwa tunafungua kila siku: "We used to open everyday." La nne: "We don't never send without calling you."

Ukimaliza hayo, chukua daftari uhesabu mizigo yako 20 ya mwisho, kisha niandikie sentensi moja ya kweli kuhusu biashara yako yenye "always" au "usually". Leo nasahihisha mpaka saa nne usiku, baada ya hapo nafunga mizigo ya Arusha.